Neno Lililorukwa

Watu huja kituoni kuwashitaki majirani, wakwe, waume, hata mbwa wa watu. Wa kuja kujishitaki mwenyewe ni adimu. Ndiyo maana Inspekta, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimpachika jina la Sindano kwa kuwa alichoma bila kelele, aliweka kikombe chake chini asubuhi ile dada mmoja mwenye sare ya uuguzi alipoingia, akakataa kiti, akasema:

"Afande, nimemuua baba yangu. Naomba uniandike."

Inspekta alimtazama. Macho ya dada yalikuwa mekundu lakini makavu. Mtu wa namna hiyo humkatizi maneno, unamwacha amalize.

Baba yake alikuwa na moyo dhaifu. Kila asubuhi binti ndiye aliyemtilia chupa ya vidonge kwenye mfuko wa koti kabla mzee hajaenda kazini. Juzi binti alichelewa zamu, akatoka mbio, akasahau. Alasiri ile mzee akakutwa amekufa mezani kwake, kichwa juu ya makaratasi. Daktari aliandika moyo. Hakuna jeraha, hakuna alama, hakuna kitu. Ndugu zake walimwambia ni kazi ya Mungu, lakini yeye ni muuguzi, anajua kidonge kimoja chini ya ulimi kinafanya nini.

"Na jana nilipokuwa namvalisha mochwari, nikaona kiganja chake cha kulia," alisema. "Vidole vilikuwa vimejikunja, vimegoma kunyooka. Alikufa ameshika kitu. Na katikati ya kiganja kuna alama ndogo, imevilia damu. Kama nyota."

"Daktari aliiona?"

"Alisema mtu akianguka hushika chochote. Afande, alikuwa anaitafuta chupa. Alikuwa anaitafuta na mimi nilikuwa nimeiacha juu ya friji."

"Chupa ya dawa ina nyota?"

"Haina," alisema dada. "Lakini alikuwa anaitafuta."

Mkuu wa kituo alisikia yote kupitia mlango uliokuwa wazi. Dada alipotoka kusubiri nje, akachomoza kichwa. "Sindano, usianze. Daktari kasema moyo, basi ni moyo. Maziko ni jioni hii. Usiwatafutie watu msiba juu ya msiba. Funga hilo jalada."

"Sawa, mkuu," alisema Inspekta, akachukua funguo za gari. Kwa waliomjua, neno sawa kinywani mwake halikuwahi kuwa na maana ya kukubali.

Ofisi aliyofia mzee ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Hapo ndipo ilipokuwa ikitungwa kamusi kubwa ya Kiingereza kwa Kiswahili, na marehemu, aliyeitwa Babu Kamusi na kila mtu hadi muuza duka wa chini, alikuwa mhariri wake mkuu. Inspekta alibisha hodi. Hakuna aliyeitika. Alibisha tena, kisha akasukuma mlango, akapita chumba cha mbele chenye mashine ya kuchapia, akafungua mlango wa ndani.

Katikati ya chumba, juu ya zulia jekundu, mwanamume mwembamba alikuwa anaungua.

Hapakuwa na moto. Aliungua kimyakimya. Mabega yalijikunja, mkono mmoja ulijipapasa kifuani ukizima miali isiyokuwepo, mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka. Pembeni, mama mnene mwenye miwani alimkazia macho bila kupepesa, penseli mkononi. Kioo kirefu ukutani kiliirudisha picha yote, kwa hiyo walikuwa wawili wanaoungua. Inspekta alikuwa ameona maiti za kila aina, lakini hapo nywele za kisogoni zilimsimama.

Mwanamume alitikisa kengele ndogo ya shaba iliyokuwa mkononi mwake.

"Inatosha!" alisema mama yule papo hapo.

Mwanamume akanyooka, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usiandike kuteketea. Hapa mtu ameungua tu. Ah, Afande. Karibu. Samahani, tulikuwa kazini."

Alikuwa naibu wa marehemu. Waliokuwa hapo walimwita Nukta, kwa sababu hakuna maelezo ya neno yaliyotoka bila yeye kuyatilia nukta ya mwisho. Mama mwenye miwani alikuwa mpiga chapa, Mama Taipu.

"Kazini," alirudia Inspekta. "Na mzee hajazikwa."

"Yeye mwenyewe angetugombeza tungekaa bure." Nukta alimweleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Babu Kamusi hakuamini kitenzi kilichoandikwa na mtu aliyekaa kitini. Kila kitenzi kilichezwa kwanza juu ya zulia lile. Mmoja alikuwa mtenda, mwingine mtendwa. Mtendwa alishika kengele. Akiona yamemzidi, alitikisa, na popote alipokuwa, aliyesikia alipaza sauti: inatosha. Hapo mtenda aliachia mara moja. "Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba hii."

"Na ya pili?"

"Haturuki neno." Alilisema hilo kwa fahari, kifua mbele. "Hakuna neno linalofuata mpaka lililotangulia limechezwa. Kamusi nyingine huruka. Sisi hatujawahi."

"Juzi mzee alipofariki, ulikuwa wapi?"

"Nilishuka kwa ngazi za nyuma kwenda kununua wino. Niliporudi nikamkuta Mama Taipu analia."

Inspekta aliinyanyua kengele kutoka kwenye rafu ilikorudishwa. Mpini wake ulikuwa mwembamba, na juu ya mpini palikuwa na kirungu kidogo chenye ncha tano. Aliikandamiza ncha kwenye kiganja chake mwenyewe, akaitazama alama iliyobaki. Kisha akaigeuza na kuugusa ulimi wa kengele kwa kidole. Ulinata. Unyoya mmoja mwekundu wa zulia ulikuwa umegandia hapo.

Koti la marehemu, alilovuliwa juzi alipokutwa, lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, uso wake ukutani, mabega yamejaa kama kwamba mwenyewe yumo ndani. Inspekta alilisogelea kwa shingo upande. Mgongoni, kuanzia mabegani hadi kiunoni, lilikuwa limejaa manyoya mekundu.

"Mama," alimwambia Mama Taipu, kengele ikiwa bado mkononi, "njoo tukae kule mbele kidogo. Bwana Nukta, endelea kupumzika. Kuungua si kazi ndogo."

Chumba cha mbele kilitenganishwa na cha ndani kwa ukuta wa mbao nyembamba; kikohozi cha Nukta kilisikika kama yuko mezani pao. Mama Taipu alikaa mbele ya mashine yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba," alianza Inspekta, kwa sauti ya chini.

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Tutafanyaje?"

"Juzi ulikuwa umekaa hapa?"

"Hapa hapa. Nachapa. Mzee alikuwa ndani. Nilipompelekea chai ndipo nikamkuta. Nilidhani amesinzia. Nilimwambia, Mzee, chai itapoa."

"Hukusikia kitu?"

"Mashine hii ina kelele. Lakini kengele ningeisikia. Hiyo hata ikilia nikiwa chooni napiga kelele 'inatosha'. Mwili umeshazoea, si akili tena. Siku moja mwendesha baiskeli alipita hapo chini akapiga kengele yake, nikapaza sauti dirishani, watu wakanicheka mtaa mzima."

Inspekta alitabasamu, kisha akauliza, kana kwamba ni la kupitisha muda, koti la mzee lilipigwa brashi lini.

"Juzi hiyo hiyo asubuhi. Mimi ndiye niliyempigia, kila siku alipoingia. Yule mzee alikuwa anavaa vumbi kama wengine wanavyovaa tai."

"Na baada ya hapo alilala chini kwenye zulia?"

"Hata. Juzi tulicheza moja tu, la mtu kuvunja nyumba na kuiba. Mwizi nilikuwa mimi." Kwa mara ya kwanza alicheka kidogo, machozi yakiwa yanamlengalenga. "Na unene huu, Afande, nipite dirishani! Mzee alikuwa mwenye nyumba, alisimama tu amenishikia pazia. Baadaye nikatoka nikaja kuchapa."

"Na leo mmeanza na lipi?"

"La kutoa vifundo kwenye kitambaa. Halafu la kumkejeli mtu kwa kumwigiza. Halafu hilo la kuungua."

Kamusi ya Kiingereza, nene kama tofali, ilikuwa mezani. Inspekta aliifungua kwenye herufi B, akaweka kidole kwenye neno la wizi, akateremka taratibu hadi kwenye lile la vifundo. Nomino alizipita, nomino hazichezwi. Katikati kilikuwepo kitenzi kimoja tu. Herufi tano. Burke.

Alisoma maelezo yake mara ya kwanza, akasoma ya pili.

"Na hili, mama? Mbona mmeliruka?"

Mama Taipu aliinama kutazama. "Hatukuliruka. Nukta alisema hilo limeshachezwa. Jana alinipa maelezo yake tayari, nikayachapa. Mimi Kiingereza chenyewe sikijui, nachapa ninachopewa."

"Limechezwa lini?"

"Mimi najua? Nilidhani walicheza wao wawili, yeye na Mzee."

"Wakicheza wao wawili, mtendwa huwa nani?"

"Mzee. Siku zote Mzee. Alisema anayetendwa ndiye anayelijua neno." Mama Taipu alimtazama Inspekta, akaitazama ile kamusi, na uso ukampauka. "Afande, neno hilo lina maana gani?"

Badala ya kujibu, Inspekta aliuliza kama kulikuwa na ugomvi wowote ndani ya nyumba ile. Ugomvi, hapana. Ila juzi asubuhi Mzee aliwaita wote wawili, akawaambia ameipitia A yote, haimridhishi, na wataianza upya. "Mimi nilicheka. Nilishajua nitastaafu nikiwa kwenye B. Nukta hakucheka. Tulipoanza A, Afande, yule alikuwa kijana, ana mchumba. Mchumba alichoka kusubiri. Yeye alimwambia wataoana kamusi ikitoka."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine hata manyoya yake hubaki nguoni. Inspekta alishusha pumzi. Alichokuwa nacho kilikuwa koti chafu, kengele inayonata na neno moja. Wakili yeyote mwenye akili timamu angekipuliza kikapeperuka, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Jioni mzee angefukiwa na kiganja chake, na yule dada angebaki duniani akiamini chupa iliyosahauliwa juu ya friji ndiyo iliyoua.

"Mama, una selotepu?"

"Ninayo, ila..." Mama Taipu alivuta droo. "Ajabu, juzi niliikuta mezani kwa Nukta. Sijui aliichukulia nini. Sisi humu tunatumia gundi."

Inspekta alikata kipande kidogo. Alichokifanya nacho alikiona Mama Taipu peke yake, na Mama Taipu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Utakuja nami," Inspekta alimnong'oneza. "Utakachokiona, usipige kelele."

Nukta alikuwa amesimama mbele ya kioo akijitengeneza kola. Inspekta alimwambia ameona neno moja kwenye kamusi lililomtatiza, burke, na kwa kuwa yuko na mtaalamu, anaomba kufahamishwa.

Uso wa Nukta ulinawiri. Hilo lilimtisha Inspekta kuliko kama angejikunja.

"Ah, hilo! Neno zuri sana, Afande. Ni jina la mtu. Zamani, katika mji mmoja wa baridi kule Uskoti, madaktari walikuwa wanahitaji maiti za kufundishia, na maiti zilikuwa haba. Bwana huyu na mwenzake waligundua kuwa ni rahisi kuitengeneza maiti kuliko kuisubiri. Waliwachukua wapangaji, walevi, watu wasio na wa kuwaulizia. Na siri yao ilikuwa nini? Maiti yenye jeraha ingezua maswali. Kwa hiyo mmoja alikaa kifuani, akaziba pua na mdomo. Basi. Hakuna damu, hakuna alama. Walipokamatwa, mwenzake alimgeukia akatoa ushahidi, yeye akanyongwa. Watu waliofurika kutazama walikuwa wakipiga kelele afanyiwe vilevile, wakilitaja jina lake kama kitenzi. Bado kamba iko shingoni, tayari ameshakuwa neno! Na mifupa yake inatunzwa mpaka leo kwenye chuo cha madaktari."

"Na aliyenunua maiti?"

"Hakushitakiwa. Tangu hapo neno likapata maana ya pili: kulizima jambo kimyakimya lisichunguzwe." Alitabasamu. "Lugha haina huruma, Afande."

Inspekta alimkumbuka mkuu wake akichomoza kichwa mlangoni, akasukuma wazo hilo pembeni. "Mimi ni mgumu wa kuelewa mambo ya kusoma," alisema. "Nyie mna njia yenu. Nionyeshe."

Kabla Nukta hajapata la kujibu, Inspekta alikwishavua viatu, akalala chali juu ya zulia jekundu, kengele katika mkono wa kulia. Dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio. Ndilo la mwisho alilolitazama yule mzee, alifikiri.

Nukta alisita. Alimtazama Mama Taipu aliyesimama mlangoni, akalitazama zulia. Mtu mwingine angekataa. Lakini huyu alikuwa ameishi maisha yake yote ya utu uzima akiambiwa onyesha, na alipoambiwa onyesha, mwili wake ulitii wenyewe. Alipiga magoti. Alimkalia kifuani taratibu, kwa adabu, uzito wote ukashuka mahali pamoja. Kiganja kimoja kikaingia chini ya kidevu. Kingine kikashuka usoni, kidole gumba na cha pili vikabana pua, na kiganja kikaufunika mdomo. Hakupapasa hata kidogo. Mikono yake iliijua njia.

Inspekta alihesabu moyoni, akashindwa kuendelea. Macho ya Nukta yalikuwa juu yake, matulivu, macho ya mtu anayetafuta maneno sahihi.

Akatikisa kengele.

Haikulia. Akaitikisa tena, kwa nguvu, mpaka nyota ikamchoma kiganjani. Kimya. Pale mlangoni Mama Taipu alijiuma ngumi.

Mikono ya Nukta iliganda. Aligeuza shingo polepole, akaitazama kengele ikirukaruka mkononi mwa mwanamke aliye chini yake bila kutoa hata mlio mmoja. Rangi yote ilimwisha. Aliruka, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga kioo.

"Niliitoa," alisema. "Ile tepu niliitoa. Niliitoa mwenyewe, Mzee!"

Inspekta aliketi, akivuta hewa kama aliyetoka kisimani. Ilimchukua muda kupata sauti. "Hii ni yangu," alisema, akiinua kengele. "Yako iliacha gundi."

Nukta aliteleza chini taratibu akabaki amechuchumaa. Hakukimbia wala hakukana. "Alisema tuanze upya," alisema. "Kutoka A. Nikamwambia, sawa Mzee, lakini la leo halijaisha, limebaki hili moja. Akashika kengele akalala mwenyewe. Akafumba macho. Aliniamini. Baadaye nikamketisha mezani." Kisha akaongeza, na Inspekta alijua hatakuja kulisahau hilo, "Maelezo yake niliyaandika vizuri sana. Hata yeye asingeyarudisha."

Inspekta alimfunga pingu, akapiga simu kituoni.

"Mkuu, simamisha maziko. Mwili urudi kwa daktari, aanzie na kiganja cha kulia."

"Sindano, si nilikwambia ufunge?"

"Nimefunga, mkuu. Nimemfunga mtu."

Askari walipokuja kumchukua Nukta walimshusha kwa ngazi za nyuma, zilezile. Inspekta alishuka za mbele. Yule dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho. Alikuwa amemfuata kutoka kituoni, hakuweza kusubiri kule. Inspekta alikaa kando yake.

"Baba yako hakuwa anatafuta dawa, mdogo wangu. Kulikuwa na mtu. Dawa isingemfaa kitu."

Dada alimtazama muda mrefu bila kuelewa, kisha akaelewa kidogokidogo. "Ile nyota?"

"Kengele. Alikuwa anapiga kengele. Aliyemuua hakumwachia alama hata moja. Ile aliiweka baba yako mwenyewe."

"Na hakuna aliyeisikia?"

"Ilikuwa imezibwa."

Ndipo machozi yalipomtoka. Tangu juzi alikuwa amejilaani. Sasa alimlilia baba yake. Inspekta alimshika bega, hakumwambia anyamaze.

"Naomba niisikie," dada alisema mwishowe. "Mara moja tu."

Haikuwa kanuni. Kidhibiti hakichezewi, na siku nyingine Inspekta angekuwa wa kwanza kulisema hilo. Aliibandua selotepu yake mwenyewe kutoka kwenye ulimi wa kengele, akaitikisa mara moja. Mlio ulikuwa mwembamba, safi, ukapanda ngazi ukaingia ofisini.

Juu kule, kabla mwangwi haujafa, sauti ya Mama Taipu ilijibu kwa nguvu, kama ilivyozoea:

"Inatosha, Mzee!"

Kisha kikafuata kimya, na katikati ya kimya kile wakamsikia mama wa watu akiangua kilio.